Majani ya Mtoto wa Bolumbu

Utotoni mwangu, kwetu Kalunguta, mashariki mwa Kongo, hakuna mtu aliyechuma dawa bila kuuambia mmea ni nani anayeumwa. Na jina la mgonjwa peke yake halikutosha. Ilibidi utaje pia jina la mama yake. Wazee wetu waliamini kwamba watu wengi wanaweza kuitwa Kambale, lakini kila Kambale alibebwa na tumbo lake moja tu, na jani likishaambiwa tumbo hilo halipotei njia. Ukichuma kimya, walisema, utakunywa maji machungu tu.

Aliyeishika desturi hiyo kuliko wote alikuwa shangazi yangu Kahambu, dada ya baba. Hakuwa mganga, na angekukasirikia ukimwita hivyo. Alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni. Alikuwa tu mwanamke anayependa majani. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, alipanda mchaichai, tangawizi na mubirizi, ule mti mchungu wa homa. Mimi alinifundisha mapema kwamba majani laini hayachemshwi: unayamwagia maji ya moto, unafunika sufuria kwa jani la mgomba, unangoja. Magome na mizizi ndiyo ya kuchemsha mpaka maji yageuke rangi.

"Ukipika mchaichai kama maharagi," alikuwa akisema, "harufu yote inaenda kwa majirani, weye unabaki na maji."

Kisha vita vikatufikia. Baba na mama walikimbilia Mangina pamoja na wadogo zangu, kwa sababu askari walikuwa wakikamata wanaume na kuwabebesha mizigo. Shangazi alikataa kuacha shamba lake, nami nikaachwa naye ili asiwe peke yake. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Askari walipofika kijijini, wanne walichukua chumba chetu cha mbele. Haikupita muda wakawa wamekula mbuzi wetu, akabaki mmoja tu. Shangazi aliwapikia kwa kuwa hakuwa na la kufanya, lakini hakuwasalimu.

Mdogo wao, kijana ambaye wenzake walimwita Petit, yaani Mdogo kwa Kifaransa, akapata homa. Zahanati ilikuwa imeporwa na muuguzi alikuwa ametoroka. Siku ambayo kijana yule alishindwa kusimama, mkubwa wao, sajini, alikuja jikoni na bunduki yake begani.

"Mama, banasema weye unajua dawa. Petit iko mubaya sana. Akifia humu mu nyumba yako, utatuambia nini?"

Shangazi alifuta mikono, akaingia chumba cha mbele kwa mara ya kwanza tangu kichukuliwe. Nilimfuata. Petit alikuwa amelala kwenye mkeka, anatetemeka chini ya koti la baba yangu. Kwenye mkono wake wa juu palikuwa na hirizi ya ngozi.

"Mama yako anaitwa nani?" shangazi akamwuliza.

"Ya nini?"

"Ya dawa. Siwezi kuchuma jani bila jina yake."

Kijana akafunika hirizi kwa kiganja, akageukia ukutani. Sajini ndiye aliyetueleza. Kwao Petit ni mbali, jimbo la Ekwateri, na mzee aliyemfunga ile hirizi alimkataza kabisa kutaja jina la mama yake katika nchi ya wageni. Ajuaye jina la mama yako amekushika. Anaweza kukuroga, anaweza hata kuielekeza risasi ikupate.

Ukutani pale ilitundikwa picha yetu ya Bikira. Petit aliitazama kidogo.

"Maria," akasema. "Mama yangu ni Maria."

Shangazi naye akaitazama picha. "Huyo ni mama ya Yesu. Mie nakuuliza mama yako."

Askari mmoja alicheka, sajini akamkemea. Mimi sikuona la kucheka. Tuliporudi jikoni nilimvuta shangazi kitenge.

"Shangazi, chuma tu. Nani atajua?"

Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. "Kavira, mbuzi zangu bamezikula na mie nimebakasirikia sana. Roho yangu haiko safi juu ya huyu mutoto. Nikikosa mama yake, nitakuwa namuchumia askari. Na askari, sina dawa yake."

Halafu akarudi kule chumbani, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Sikiliza," akamwambia Petit. "Mama yangu mie aliitwa Nziavake. Alishakufa. Kaburi yake iko hapa nyuma, kwa migomba. Sasa ni weye umenishika kwanza. Nikikufanyia mubaya, uende umwambie."

Mimi mjukuu wake nilikuwa silijui jina lile. Kwetu marehemu alikuwa Nyanya tu, na hakuna mtu aliyethubutu kulitaja jina lake ovyo. Sajini aliwatoa wenzake, akasimama uani na kutugeuzia mgongo, asisikie kitakachosemwa. Petit aliondoa kiganja juu ya hirizi. Kisha akasema, "Bolumbu."

Desturi ilikuwa kuchuma wakati umande haujakauka, lakini jua lilikuwa limeshapanda na hatukungoja. Shangazi aliweka mkono juu ya shina la mubirizi, akasema kwa Kinande, lugha yetu, maneno ambayo bado nayakumbuka: huyu ni mtoto wa Bolumbu, mama huyo simjui, wala sijui analima nini, lakini mtoto wake anatetemeka, tusaidie. Akachuma. Stoo kulikuwa na gome la kinkina, mti wa kwinini, alilobakisha baba. Akalichemsha mpaka maji yakawa mekundu, akaepua, ndipo akatia majani na kufunika.

Sajini alikutana nasi mlangoni. "Huyu mutoto akunywe kwanza."

"Nitakunywa mie," shangazi akasema.

"Hapana. Mutoto."

Shangazi akanipa kikombe. Nilikunywa. Uchungu wake ulinishika ulimi, ukashuka kooni, machozi yakanitoka yenyewe. Walinikalisha kwenye kigoda wakanikazia macho mpaka chai ikapoa na kupashwa tena moto. Sikufa. Ndipo Petit akanyweshwa, akiwa ameegemea kifua cha shangazi yangu.

Alipona polepole. Wapo walioniambia baadaye kwamba ni gome la kinkina lililomponya, na huenda ni kweli. Lakini sisi tulioishi nyumba ile tuliona jambo jingine. Askari walianza kuja jikoni mmoja mmoja, huyu na kikohozi, huyu na tumbo, na kila mmoja alikuja peke yake, akiangalia nyuma, akamnong'oneza shangazi jina la mama yake. Wa mwisho alikuwa sajini, mtu wa makamo mwenye mvi ndevuni. Alisema mama yake ni Agata. Alipofika mlangoni akarudi: Agata ni la ubatizo, la nyumbani ni lingine. Akalisema. Tangu hapo shangazi alianza kuwasalimu.

Amri ya kuondoka ilikuja asubuhi moja, waende upande wa Beni. Walibeba gunia letu la maharagi, wakamfungua mbuzi aliyebaki, wakachukua na sufuria kubwa. Aliyebeba sufuria ni Petit. Nilisimama uani nikingoja aiweke chini. Hakuiweka, wala hakututazama.

Jioni ile, kwenye rozari, shangazi alimwombea Bolumbu, akamwombea Agata, akataja akina mama wote wanne. Nikaacha kuitikia.

"Kwa nini unabaombea? Bamebeba sufuria yetu!"

"Sufuria imebebwa na Petit," akasema. "Bolumbu hakubeba kitu. Iko kwao, hata hajui kama mutoto wake ni muzima." Akaendelea pale alipoishia.

Siku chache baadaye tulisikia milio mizito upande wa Beni. Hatukupata kujua nani alipona na nani hakupona. Shangazi aliwaombea akina mama wale mpaka alipozeeka na kufa.

Sasa ninaishi Bungulu, humo humo mjini Beni, na nimeona mengi ambayo yeye hakuyaona. Mtu akiniuliza kama mti unasikia, namwambia sijui. Ninachojua ni kwamba tangu siku zile sijaweza kumchukia mtu kwa moyo wangu wote. Pembeni hubaki swali dogo, mama yake ni nani, na swali hilo hunichosha. Kwa maana wapo watu, baada ya yote waliyoyafanya katika mji huu, ambao ningependa kuwachukia bila kusumbuliwa.