Nilivyoanika Matumbawe

Watu wa Makambako wakiniuliza mbona nimerudi mapema kutoka Tanga, nasingizia joto. Ukweli unanichoma. Enzi hizi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila mtu anahangaika kivyake, nami nikapata kibarua cha kupanda upya matumbawe yaliyovunjwa na wavuvi wa baruti. Mkinga wa Makete, niliyekulia kwenye mashamba ya viazi, nani anifundishe kupanda?

Mtaalamu, Bi Rehema, aliniachia vipande kwenye ndoo ya maji ya bahari. Nikamwaga maji, nikavipaka majivu, nikavianika kivulini vidonda vikauke, kama tunavyofanya kwetu kwa mbegu za viazi zilizokatwa.

Jioni akarudi. “Kaka, nani kamwaga maji?”

“Mimi, mama. Visije vikaoza.”

Akaokota kimoja, akaketi mchangani.

“Hawa ni wanyama, kaka. Umewaua wote.”