Nyumba ya Yieyo na Zabuni ya Ofisi

Nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa nyuma ya jengo letu la Kitengela: vyumba viwili vya mabati, rangi ya samawati aliyoichagua mwenyewe. Mume wangu alipomaliza kujenga ghorofa mbele ya ploti alimwomba ahamie ndani, kwenye chumba cha chini chenye maji ya mfereji. Akakataa. Alisema hawezi kulala huku watu wakitembea juu ya kichwa chake. Akabaki kule nyuma na mbuzi wake.

Mimi ni wa Ukambani, na Kimaasai changu mpaka leo kinawachekesha watu. Nilimwita Yieyo, yaani mama, kama mume wangu alivyomwita. Kila asubuhi nikipita mlangoni kwake kwenda shule ninayofundisha alinisalimu, "Takwenya," nami nikamjibu, "Iko." Hata siku tulizokuwa tumekasirikiana hakuniacha nipite bila salamu.

Jengo lilikaa karibu tupu. Kitengela kila mtu alikuwa anajenga, na wapangaji walikuwa wachache kuliko milango. Ndipo mume wangu akaona gazetini kwamba ofisi moja ya serikali inatafuta jengo la kupanga mjini kwetu. Masharti yalikuwa wazi: sakafu mbili zisizo na wapangaji, choo na njia kwa watu wa viti vya magurudumu, na nafasi ya kutosha ya kuegesha magari ndani ya ua. Yote tulikuwa nayo ila hilo la mwisho.

Jioni moja nilimwona akipima ua kwa futi ya fundi. Alipima kutoka ukutani, akapima kutoka langoni, akarudia. Kila alivyopima, magari yangepita katikati ya nyumba ya mama yake.

Yieyo alikuwa amekaa kwenye kiti chake akimtazama. "Unapima nini hapo?" akamwuliza.

Mume wangu akamweleza. Hakumsihi. Alieleza tu, macho chini, kama mtoto aliyetumwa kuleta habari mbaya.

"Hiyo ofisi ni ya kazi gani?"

"Ni pale watu wanapoenda kushughulikia mambo ya vitambulisho, Yieyo. Sasa wanahangaika mpaka mbali."

Yieyo aliyajua mahangaiko hayo. Alipopoteza kitambulisho chake alisafiri mara nyingi, mara mfumo haufanyi kazi, mara mwenye muhuri hayuko. Akasema, "Basi bomoeni. Nitakaa kwa dada yako Bisil. Mkishapata hiyo kazi mtanijengea ingine pale kona, ndogo tu. Mimi niko na vitu vingi?"

Nilimsaidia kufunga vitu, na kweli havikuwa vingi. Asubuhi wifi yangu alikuja na pikapu kutoka Bisil. Mbuzi wakapandishwa kwanza, Yieyo akapanda mbele, na hakugeuka kuangalia nyuma. Mafundi wakaanza kung'oa mabati kabla ya saa sita. Mume wangu aliingia bafuni akafungulia maji, akakaa humo mpaka kelele zikaisha.

Tukatandaza kabro, yale matofali ya kuegeshea magari, ua mzima, tukapeleka maombi yetu. Zabuni zilifunguliwa Kajiado mbele ya wote walioomba, na mume wangu alirudi akitabasamu. Kati ya walioomba, ni sisi tu tuliokuwa na ua wa kutosha magari. Siku hiyo alimpigia mama yake akamwambia aanze kujitayarisha kurudi.

Halafu ikaja barua kwamba masharti yamebadilishwa. Sharti la maegesho ya ndani limeondolewa; magari yanaweza kuegeshwa popote karibu. Badala yake jengo lazima liwe na lifti, na lazima litazame barabara kuu. Jengo letu lina sakafu tatu tu, bila lifti, na liko mtaa wa nyuma ya barabara kuu. Kati ya wenzetu ni mmoja tu aliyekuwa na lifti.

Mume wangu si mtu wa kelele. Aliisoma barua ile akiwa amesimama, akanipa, akasema, "Wamebadilisha baada ya kufungua bahasha." Kesho yake alitafuta wakili, tukapeleka malalamiko Nairobi, kwenye bodi inayosikiliza kesi za zabuni.

Niliomba ruhusa shuleni nikaenda naye. Wakili wa ile ofisi alisema kila mwenye kutafuta nyumba ana haki ya kubadili mawazo. Wakili wetu akasema ana haki hiyo kabla zabuni hazijafunguliwa, wala si baada ya kuona nani ana nini. Walibishana juu ya vifungu na aya. Hakuna aliyetaja nyumba ya samawati, na hakukuwa na sababu ya kuitaja. Haikuwa sehemu ya kesi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekunja mikono mapajani, anasikiliza kama mtu kanisani.

Tukashinda. Bodi ilisema masharti yalibadilishwa kinyume cha sheria, ikaamuru tupimwe upya kwa yale ya mwanzo. Tulisimama nje kwenye ngazi, akampigia simu mama yake, akaweka sauti kubwa nami nisikie.

"Yieyo, tumeshinda!"

Alicheka, kisha akauliza, "Sasa narudi lini?"

Wifi yangu alituambia baadaye kwamba jioni ile Yieyo aliwaaga majirani wote.

Hatukupimwa upya. Tulingoja, tukaandika, tukangoja. Mwishowe tukapata karatasi moja fupi: zabuni imefutwa, ofisi haihitaji tena nafasi. Wakili alisema tunaweza kurudi kulalamika tena. Mume wangu akamwambia, "Hapana. Wao wanaweza kungoja kuliko mimi."

Tulikwenda Bisil pamoja kumwambia. Ilikuwa siku ya soko, vumbi na ng'ombe kila mahali, na Yieyo alikuwa amelala mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa amekonda. Mume wangu akapiga magoti kando ya kitanda.

"Yieyo, ile ofisi haiji. Nimebomoa nyumba yako bure."

Yieyo akamshika kichwa kama mtoto mdogo. "Mabati hayo," akasema. "Unalilia mabati?" Kisha akaniangalia mimi. "Mpeleke nyumbani, ale."

Wiki hiyohiyo tuling'oa kabro kwenye kona aliyoitaja, mafundi wakaanza msingi. Mume wangu alisimamia mwenyewe, akitoka kazini anakuja na nguo za kazi, anawabebea maji ya saruji. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha wifi yangu alipopiga simu asubuhi na kusema Yieyo hakuamka.

Tulimzika Bisil, nyuma ya boma la binti yake. Watu wa kule, waliomfahamu kwa muda mfupi, walimlilia kana kwamba wamekua naye tangu utoto. Mwanamke mmoja mzee akanishika mkono akaniambia, "Huyu alikuwa anasema tu Kitengela, Kitengela. Hata uji wa hapa alisema si kama wa kwa mtoto wake." Uji huo nilikuwa naupika mimi.

Mafundi waliuliza kama waache. Mume wangu alisema wamalize. Wakapandisha mabati, wakaweka mlango, akanunua rangi ya samawati akaipaka mwenyewe Jumapili, na haikukaribia ile ya zamani. Sasa mbele tuna duka la dawa na chuo cha kompyuta, na wanafunzi huegesha pikipiki uani. Kuna waliotaka kupanga kile kinyumba. Mume wangu huwajibu kwa adabu kwamba kina mtu, kisha anaingia ndani ananiuliza kama kuna chai.