Sindano za Phelister

Watu wa mtaa wao huko Dandora, Nairobi, walimwamini Phelister kwa sababu Nabalayo alimwamini. Wawili hao walitoka Bungoma pamoja, wakaimba kwaya moja, na Phelister alipofungua kliniki yake ndogo mwaka wa 1994, Nabalayo ndiye aliyepita kwa majirani akimsifu. Siku hizo watu waliogopa sindano kwa sababu ya UKIMWI. Nabalayo aliwatuliza: kwa Phelister kila sindano ni mpya, anapasua paketi ukiona.

Kisha Nabalayo mwenyewe akashikwa na malaria, akadungwa pajani. Siku chache baadaye paja likavimba, likawa la moto, hata kukanyaga akashindwa. Hospitalini daktari alipasua jipu, akamuuliza alidungwa wapi. Nabalayo alimtetea rafiki yake. Sindano ilikuwa safi, alisema, iking'aa. Daktari alimweleza kwa upole kwamba kung'aa ni mambo ya macho. Viini havionekani, na sindano iliyooshwa kwa maji na sabuni bado inaweza kuvibeba hadi ndani ya mwili. Ila, aliongeza, huenda pia ni ngozi tu iliyokuwa haijapanguswa vizuri. Nabalayo alilishika hilo la ngozi.

Alipopata nafuu alichechemea hadi kliniki kumsalimia Phelister. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Phelister alikuwa ameketi kwenye kigoda, kando yake karai la maji ya sabuni lenye sindano zilizokwisha kutumika, na mshumaa ukiwaka mchana ule. Alitia sindano moja ndani ya paketi kuukuu, akapitisha ukingo wa plastiki juu ya moto, akaubana kwa vidole hadi ukashikana.

Alimwona Nabalayo, akaweka paketi chini.

"Nimeziosha vizuri, dadangu. Wanataka kuona nikipasua paketi, nami nawapasulia."

"Na yangu?"

Phelister aliutazama mshumaa. "Hata yako."

Nabalayo hakupiga kelele. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wote aliowaelekeza kule, akiwasihi waende wakapimwe damu. Wengine walimshukuru. Aluoch, jirani aliyekuwa amepeleka watoto wake pacha kudungwa huko, alimsikiliza hadi mwisho kisha akamfungia mlango.

Damu ya Nabalayo ilipopimwa haikuonyesha ugonjwa. Phelister alifunga kliniki akahama, akiacha neno kwamba wivu wa rafiki ndio uliomharibia kazi. Baadhi ya wanakwaya waliamini. Kiongozi wao alimwomba Nabalayo asamehe, naye akajibu kwamba angejaribu.

Hakujaribu.