Wiki Tatu za Mkono wa Kondo

Walimbeba juu juu kuzunguka uwanja mzima pale Lindi, wanaliimba jina lake, na yeye alikuwa anawaomba wamshushe.

"Nishusheni jamani. Nishusheni!"

Wakadhani furaha imemzidi. Wakacheka, wakamnyanyua zaidi.

Kipa kadaka penalti dakika za mwisho, kombe limepatikana, halafu analia kama aliyefiwa. Umeshawahi kuona wapi?

Huyo alikuwa babu yangu mzaa mama. Kilichomliza alikuja kumwambia mama yangu uzeeni, na mama akaniambia mimi. Hapa nitamwita Fakihi tu, kama alivyoitwa siku zile. Nikimwita babu nitamwonea huruma, na mwenyewe hakutaka kuonewa huruma.

Twende.

Ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Fakihi ana miaka ishirini na miwili, anakaa Kilwa Kivinje, kazi yake dresa. Ndiye anayesafisha vidonda pale zahanati, anafunga bandeji, anagawa kwinini. Kazi ya heshima. Kaptula nyeupe, pasi imenyooka, hata watu wazima wanamsikiliza.

Lakini roho yake yote ilikuwa kwenye mpira.

Timu ya mji ilikuwa na makipa wawili. Wa kwanza Kondo, mkwezi wa minazi, mikono yake kama makasia. Wa pili ndiye huyu Fakihi.

Na usiwaze mambo ya siku hizi. Enzi hizo hakuna kubadilisha mchezaji katikati ya mechi. Aliyeanza ndiye anayemaliza. Kipa wa pili ni mtazamaji aliyevaa jezi, basi.

Misimu mitatu Fakihi anavaa jezi, anakaa, anaivua ikiwa safi.

Siyo kwamba alikuwa mvivu. Mazoezini alifika wa kwanza. Magoti yote makovu. Siku moja akamfuata nahodha wao, Maftaha, fundi cherehani, mtu wa maneno machache.

"Nahodha, hata mechi moja tu."

Maftaha hakuinua macho kwenye nguo aliyokuwa anashona. "Wewe mzuri, Fakihi. Shida yako ni Kondo. Mpite Kondo, goli lako."

Angempitaje? Kondo mwenyewe ndiye aliyekuwa anamfundisha! Wenzao wakishaondoka, wanabaki wawili, Kondo anampigia mipira mpaka adhana ya magharibi.

"Usiangalie mguu wake," anamwambia. "Angalia bega. Bega linakwenda kabla ya mpira."

Fakihi alimwita kaka, na kwa kweli alimpenda. Ndiyo maana habari hii inauma.

Sasa bwana, Jumatatu moja, zimebaki kama wiki tatu wakacheze fainali na Lindi kugombea kombe la bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, Kondo akaruka kudaka mpira, akajigonga kifundo cha mkono kwenye mlingoti wa goli. Kikavimba.

Kesho yake asubuhi akaja zahanati. Mganga, yaani mkubwa wa pale, alikuwa safarini kufuata dawa. Yupo Fakihi peke yake.

Akaushika ule mkono. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Vidole vinacheza. Mfupa mzima kabisa. Umeshtuka tu, kitambaa cha maji baridi, siku tatu nne, mtu anarudi kazini.

Alijua. Aliapa kwa mama yangu kwamba alijua.

Akafungua mdomo aseme hivyo, yakatoka mengine.

"Mfupa umeingia ufa, kaka."

"Ufa?"

"Wiki tatu. Usikwee, usinyanyue kitu, usidake. Ukilazimisha utakuja kupooza mkono."

Kondo akautazama mkono wake. Halafu akasema, "Basi fainali utadaka wewe. Alhamdulillahi. Afadhali ni wewe."

Fakihi akaweka vibao viwili, akazungusha bandeji, akakaza. Hakuinua uso mpaka amemaliza.

Jumapili yake wakacheza na timu kutoka Masoko, mechi ya kujipima tu. Fakihi akadaka dakika zote tisini. Hakufungwa. Mara ya kwanza katika maisha yake jezi ikachafuka, akaenda nayo nyumbani hivyo hivyo, hataki kuivua.

Furaha hiyo ilikaa siku mbili.

Jumanne akiwa kazini, akaingia Mwahija, mke wa Kondo. Kabeba sahani imefunikwa kawa.

"Shemeji, nimekuletea mkate wa kumimina. Mdogo wangu, ulivyomshughulikia mume wangu, Mungu akulipe."

"Hapana shemeji, ni kazi yangu."

"Kazi gani! Mwingine angemwacha akwee, mkono ungekatika. Tunabana, mimi nauza vitumbua, hatulali njaa. Bora mkono upone."

Alipoondoka, Fakihi akakata kipande, akakitia mdomoni. Hakikupita. Akatafuna, akatafuna, mwisho akatoka nyuma ya zahanati akakitema kwenye majani.

Utauliza, kwa nini hakusema siku hiyo hiyo?

Alitaka. Kila Jumanne na Ijumaa Kondo alikuja kubadilishiwa bandeji. Mganga alisharudi, lakini bandeji ni kazi ya Fakihi. Anakaa kwenye kigoda, anaunyoosha mkono, anauweka mezani. Na kila mara Fakihi anajiambia, leo. Halafu anaiwaza fainali. Nitasema baada ya fainali. Siku zimebaki chache, zitaleta madhara gani?

Siku ikafika. Wakapanda lori kwenda Lindi, vumbi mpaka kwenye kope. Kondo naye kapanda, mkono umening'inia shingoni.

"Wewe unakuja kufanya nini na mkono huo?" Maftaha akamuuliza.

"Nitasimama nyuma ya goli la mdogo wangu."

Na kweli alisimama. Mechi nzima Fakihi anaisikia sauti ile mgongoni: "Toka! Sasa rudi! Mashallah, vizuri!" Kila neno linamchoma.

Kivinje wakapata bao moja kipindi cha pili. Zikiwa zimebaki dakika tano, beki wa Kivinje akaushika mpira kwa mkono. Penalti.

Mpigaji akauweka mpira, akarudi nyuma. Nyuma yake akaisikia sauti, chini chini: "Bega, Fakihi. Bega."

Akaangalia bega. Akaruka kulia. Mpira ukatua kifuani.

Filimbi ya mwisho ilipolia wakamvamia, wakambeba. Kule juu akamwona Kondo katikati ya watu. Kwa sababu mkono mmoja umefungwa, Kondo alikuwa anapiga makofi kwenye paja lake, kwa kiganja kimoja, anacheka mpaka gego linaonekana.

Hapo ndipo alipoanza kuomba ashushwe.

Jumanne wiki tatu zikatimia. Kondo akaja, akakaa, akauweka mkono mezani. Fakihi alikuwa hajalala siku tatu. Akafunga mlango.

"Kaka, kuna jambo."

"Subiri," Kondo akasema.

Akaifungua bandeji mwenyewe, taratibu. Akaviweka vile vibao pembeni. Halafu akainama, akashika mguu wa ile meza nzito ya mbao kwa mkono ule ule, akaunyanyua juu. Akaurudisha chini bila kishindo.

Fakihi akavitazama vile vibao.

"Jumapili ile ya pili, mwanangu Sada aliteleza barazani," Kondo akasema. "Nikasahau, nikamdaka kwa mkono huu. Haukuuma hata kidogo. Nikavua bandeji, nikajaribu ndoo ya maji. Nikajaribu mchi. Nikaelewa."

"Ulijua kabla ya fainali?"

"Siku sita kabla."

"Sasa kwa nini hukwenda kwa Maftaha? Ungedaka wewe!"

"Nilikuwa nakusubiri." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nilisema, huyu ni mdogo wangu, shetani kampitia, atasema mwenyewe. Nikaifunga tena. Nikaja Jumanne nikakuwekea mkono hapa. Ukabadilisha bandeji. Nikaja Ijumaa. Ukabadilisha bandeji. Nikasimama nyuma ya goli lako."

"Leo nilikuwa nataka kusema, kaka. Wallahi."

"Najua. Kombe umeshalipata."

Akainuka, akatoka.

Jioni hiyo Fakihi akasimama mbele ya timu nzima mazoezini, akasema kila kitu. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyetukana. Maftaha akanyoosha mkono tu, akapokea jezi. Kondo akarudi golini. Mganga naye alipoambiwa akamwondoa kwenye wagonjwa, miezi sita anaosha chupa.

Sikukuu ya Idd, Fakihi akamfuata Kondo baada ya sala, akapiga magoti. Kondo akamwinua. "Yamekwisha. Nimekusamehe tangu zamani."

Na alikuwa amesamehe kweli. Walisalimiana, walizikana, walialikana harusini.

Lakini miaka minne baadaye Kondo alianguka kutoka kwenye mnazi, mguu ukavunjika. Wakambeba kwenye kitanda cha kamba kuelekea zahanati. Fakihi kashatoka mlangoni, bandeji mkononi.

Kondo akawaambia wabebaji, "Hapa hapana. Nitafutieni lori, nipelekeni Lindi."

Lindi! Mwendo wa siku nzima, na mfupa nje.

Walipompitisha, akageuza shingo. "Fakihi, hujambo?"

"Sijambo, kaka."

Wakapita.

Kwa hiyo wewe unayesugua benchi, iwe uwanjani au kazini, na unamwona aliyekuzibia njia, shindana naye akiwa na mikono yake yote miwili. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa tu. Babu yangu alishinda, akasamehewa, akaishi miaka themanini na moja, na Kondo hakumpa tena mkono wake aufunge.