Mwandawiro Ashika Njia ya Juu

Kabla ya kuondoka Wundanyi, Mwandawiro huwachorea wageni wake safari nzima mchangani kwa ncha ya fimbo. Hapa Werugha, hapa msitu wa Ngangao, hapa Mgange, na kule mwisho Vuria, kilele chenye minara ya simu ambacho mara nyingi hakionekani kwa ukungu. Kutoka hapo mnateremka hadi Mwatate, mnapata gari la kurudi Voi, na magoti yanawauma wiki nzima. Ndivyo anavyosema, na wageni hucheka kwa sababu bado hawajapanda.

Kati ya Mgange na Vuria kuna njia mbili. Ya chini hufuata mfereji wa maji ya mashamba, na ni tambarare, njia ya miguu iliyozoea lami. Ya juu ni mwinuko mkali na hupita ndani ya kijiji, karibu kabisa na milango ya watu. Kwa miaka mingi Mwandawiro amewapitisha wageni njia ya chini. Asubuhi ile fimbo ilipofika pale ilisita, kisha ikachora ya juu.

Mwenye hoteli tuliyonywea chai, Sylus, alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Leo unapita kwa Tryphena?"

"Napita."

"Basi chunga asikuweke pangoni ungali unapumua."

Mwandawiro hakucheka. Alifuta mchoro wake kwa kiatu, akatangulia.

Tulikuwa wageni wawili. Mimi ni mtu wa kuhamahama, nimekula na kulala katika nyumba za milimani nchi nyingi. Mwenzangu alikuwa Wayua, muuguzi wa Machakos aliyekuwa likizoni, mwanamke mcheshi, mwenye pumzi nyingi kuliko yangu. Mwandawiro alimwita Daktari. Kila mara Wayua alimkumbusha kwamba yeye ni nesi, na kila mara mzee akamjibu kwamba huku juu yeyote mwenye panadol ni daktari.

Mwandawiro ana miaka sitini na kitu, mwembamba, na hutembea kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni. Alizaliwa katika kijiji hicho hicho cha njia ya juu. Baba yake alikata katani huko Mwatate na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajaota meno, na aliyemlea ni dada yake mkubwa, Tryphena, ambaye wakati huo mwenyewe alikuwa msichana wa shule. Aliacha shule. Alimbeba mgongoni akienda mtoni, akimtafunia viazi kabla ya kumlisha. Kwa hiyo Mwandawiro anaposema "dada yangu" inafaa msikilizaji asikie "mama yangu".

Alipokuwa kijana alishuka Maungu kuwa tanboi, yaani utingo, wa malori ya Mombasa, akalala chini ya matrela na kula vumbi la barabara kuu kwa miaka. Akaoa, wakajaliwa binti mmoja, Shanice, kisha mkewe akafariki. Alirudi mlimani walipokuja wataalamu wa ndege, watu waliotaka mtu wa kushika nyavu zao alfajiri ndani ya Ngangao. Akajifunza ndege kwa sauti zao, akajua kila njia, na wataalamu walipoondoka akaanza kuwaongoza watalii. Kazi hiyo ilimfaa. Ni mtu asiyependa kumkatiza mwingine, na mgeni hupenda kiongozi wa namna hiyo.

Ni tabia hiyo iliyomkosanisha na Tryphena. Kisa chao kinajulikana mlima mzima, nasi tulisimuliwa kipande kwa kipande kila tulipopumzika kwa watu, yeye akiwa mbali kidogo, asisikie. Zamani Wadawida, yaani Wataita wa milima hii, walikuwa wakifukua mafuvu ya wazee wao na kuyapanga katika pango la ukoo, chini ya jabali, ambapo wazee hao waliendelea kukaa na watu wao. Siku hizi watu huzikwa Kikristo na kuachwa kaburini, lakini mapango yapo, na wenyewe hawayaingii ovyo. Siku moja Mwandawiro aliwapeleka wageni kwenye pango la ukoo wake wayaone wakiwa nje, kwa mbali. Mgeni mmoja akaingia. Akachukua fuvu, akatoka nalo juani, akawa analigeuzageuza mikononi kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, mwenzake akimpiga picha. Lilikuwa fuvu la babu. Mwandawiro alisimama pale pale. Aliona haya kumgombeza mgeni mbele ya mwenzake. Wakati huo huo Tryphena akatokea njiani na mzigo wa kuni kichwani.

Alishusha kuni chini, akaziacha hapo, akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mwandawiro mwenyewe alitueleza sehemu moja tu ya mambo hayo, ndani ya Ngangao, tulipoketi juu ya gogo lililoota ukungu. Alikuwa ametoka kumpigia simu Shanice kutoka kwenye mwamba pekee wenye mtandao, kama alivyofanya kila siku. Shanice anasuka nywele mjini Voi na ameolewa na Calvince, mtoto wa mtu wa reli aliyekuja kutoka magharibi. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka ikiwa kubwa. Sasa ana ya tatu, na ameambiwa alale, asiinue hata ndoo.

Wayua alimwambia, kwa upole, kwamba mimba hutoka kwa sababu nyingi, na sababu zote ni za mwili.

"Najua, Daktari. Nimempeleka kliniki mimi mwenyewe. Hospitali wafanye yao. Na mimi nifanye yangu."

Yake yalikuwa haya. Wadawida wana jambo linaloitwa kutasa. Mtu aliyekuwa na hasira na ndugu yake hujaza kinywa maji, au pombe ya muwa, akayapuliza nje kama manyunyu, na kati ya pulizo moja na jingine husema kwa sauti: kama kulikuwa na hasira moyoni mwangu, itoke, na fulani awe mzima. Hasira ya mkubwa, wanasema, haihitaji nia mbaya. Mwenyewe anaweza kuwa amelala usingizi mzuri, huku hasira yake imeshuka mlima kumtafuta mtoto wa aliyemkosea. Nimeishi katika lugha ambazo hasira hukaa kwenye ini, na nyingine hukaa puani. Hii ndiyo ya kwanza niliyoijua ambayo huitoa kwa maji.

Wayua alimuuliza kwa nini hakwenda mapema, na hali alikuwa akipita chini ya nyumba ile kila baada ya muda mfupi.

"Niliyekosa ni mimi," alisema. "Nikipanda bila kuitwa, nimemvamia. Nilisema moyo wake ukipoa, ataniita."

Tulipolala Mgange hakula vizuri. Asubuhi alinunua dukani sukari na majani ya chai, akavifunga pamoja kwenye mfuko, akavifungua, akavifunga tena. Wayua alimtania kwamba anaonekana kama bwana harusi anayekwenda ukweni, na kwa mara ya kwanza mzee akatabasamu. Akasema ukweni mtu hupewa kiti angalau.

Njia ya juu ilitumaliza pumzi. Mashamba ya kabeji yanaegemea mlima pande zote mbili, na watu waliokuwa wakipalilia waliacha majembe kumtazama Mwandawiro akipita, wakamsalimu, kisha wakatazamana. Hakuna aliyemwambia lolote. Nadhani kila mmoja alidhani Mwandawiro tayari anajua yaliyo mbele.

Nyumba ya Tryphena ni ya matofali, imepakwa chokaa, na uani kuna mpera. Binti yake Rita, mwanamke wa miaka arobaini hivi, alikuwa akipepeta maharagwe. Aliinuka taratibu alipotuona.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mama yupo?"

Rita alitazama upande wa jua, nasi tukatazama.

Tryphena alikuwa kwenye kiti chenye mito, miguu imefunikwa leso, kichwani kitambaa cha akina mama wa kanisa. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeanguka. Jicho moja lilikuwa limelegea, mdomo umevutwa chini, na mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu alichopewa na mtu amshikie. Wayua alivuta pumzi, nikajua kabla hajaniambia. Kilikuwa kiharusi.

"Ni tangu masika," Rita alisema.

"Na hamkuniambia?"

"Tungekuambia kwa njia gani, Mjomba? Hukuwa ukipita huku."

Mwandawiro aliweka mfuko wake chini. Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti, mahali ambapo jicho zima la dada yake lingemwona. Lilimwona. Sauti ikatoka kooni mwa Tryphena, ndefu, isiyo na neno ndani yake.

"Dada, nimekuja," alisema. "Nilikukosea mbele ya babu. Shanice ana mimba nyingine, na naogopa."

Tryphena alimtazama muda mrefu. Kisha mkono wa kushoto ukainuka, ukaonyesha ndani ya nyumba. Rita alielewa. Aliingia, akarudi na kibuyu kidogo kilichong'aa kwa kushikwa, akakijaza maji ya mtungi.

"Hiki," alisema, bila kumtazama mjomba wake, "ndicho alichokuwa akiniambia nijaze kila tukisikia wageni wako wakiongea kule mferejini. Alikuwa akisema, leo atapanda. Anakaa hapa uani mpaka sauti zenu ziishe. Halafu ananiambia niwape kuku yale maji."

Mwandawiro alibaki amechuchumaa. "Si angenitumia hata mtoto."

"Mkubwa amwite mdogo aje kumwomba msamaha? Mjomba, wewe umekulia hapa."

Rita alimwinua mama yake kichwa na kumwekea kibuyu mdomoni. Tryphena aliyapokea maji, akayazuia kinywani, na tuliona shavu moja likijaa. Shavu la pili halikuweza. Kabla hajapuliza, maji yalikuwa yameshatiririka yote upande ulioanguka, yakapita kidevuni na kuingia shingoni. Mdomo ulisogea. Tulisikia ile sauti tena, fupi mara hii.

Akaonyesha kibuyu.

Mara ya pili maji yalimpalia. Alikohoa hadi uso ukabadilika rangi, na Wayua, aliyekuwa ameketi mbali kwa adabu, alifika pale kwa hatua mbili, akamwinamisha mbele na kumshika mgongo. Kikohozi kilipotulia alisema kwa sauti yake ya kazini kwamba asipewe tena, maji yataingia kifuani, na mtu wa hali hii hufa kwa jambo kama hilo.

Tryphena aliusukuma mkono wa Wayua. Akaonyesha kibuyu.

"Mama, ngoja," Rita alisema. Akamgeukia mjomba wake. "Niseme mimi kwa niaba yake. Mimi ni mtoto wake. Nitajaza kinywa, nitasema maneno yote."

Mwandawiro alitikisa kichwa. "Hasira haikuwa yako, mwanangu. Utatoa nini?"

Mkono wa Tryphena ulikuwa bado umeinuliwa kuelekea kibuyu. Jicho zima lilikuwa limemkazia mdogo wake. Sikuweza kulisoma jicho lile, wala sidhani kama Mwandawiro aliweza. Labda lilikuwa likimwambia, nipe, nimalize. Labda lilikuwa na hasira, si ya fuvu tena, bali ya ile miaka ya kungoja uani. Uso uliokuwa ukijua kutofautisha mambo hayo haukuwepo tena.

Mwandawiro alikichukua kibuyu mikononi mwa Rita. Kwa kitambo alikishika, naye Tryphena akafungua kinywa, akingoja. Kisha Mwandawiro akayamwaga maji chini, pembeni, polepole, mpaka yakaisha.

"Basi, Dada," alisema. "Yatakuumiza."

Alishika pindo la leso ya dada yake, akamfuta kidevu, akamfuta shingo, akainyoosha leso juu ya miguu. Tryphena alifumba kinywa. Aliugeuza uso upande wa mpera na hakuugeuza tena, ingawa tulikaa pale mpaka chai ya Rita ilipopoa. Tulipoaga, Mwandawiro aliuchukua mkono wa dada yake usiofanya kazi, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akaushikilia hapo kidogo kabla ya kuurudisha mapajani.

Kutoka pale hadi Vuria ni mwendo wa jasho. Wayua alilia akitembea, bila sauti, akijipangusa kwa mkono wa sweta. Kileleni ukungu ulikuwa umetanda, Voi na tambarare zote za chini zilikuwa zimefutika, na chini ya ile minara simu ya Mwandawiro ililia kabla hajaketi. Alikuwa Shanice. Mzee aliweka sauti nje, kama watu wa umri wake wafanyavyo, na sauti ya binti ikatufikia sote.

"Baba, umefika kwa shangazi?"

"Nimefika. Alikuwa ananingoja."

"Ametasa?"

Mwandawiro alitazama mahali ambapo, siku ya jua, mji wa Voi huonekana.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula. Baba, sema. Ametasa?"

"Alijaza kinywa," alisema.

Upande wa pili tulisikia Shanice akishusha pumzi, pumzi ya mtu aliyeizuia tangu mimba ya kwanza, halafu akaanza kumshukuru Mungu, na shangazi yake, na Mungu tena, akimtajia Calvince jambo hilo chumbani kwa kelele na kicheko. Mwandawiro aliishika simu kwa mikono miwili na kumwacha ashukuru mpaka mwisho.