Akipuliza Moto

Mniwie radhi kwa mwandiko huu, na kwa maneno niliyokosea kuyaandika. Nimeishia darasa la saba, na naandika polepole tangu utoto. Mwalimu alikuwa anafuta ubao mimi nikiwa mstari wa tatu. Leo naandika polepole zaidi kwa sababu nina hasira, na nikiwa na hasira kalamu inatoboa karatasi. Penye tundu msidhani ni panya.

Nataka kusema habari za mdogo wangu wa kike, na jinsi alivyopigwa miaka miwili kwa kosa ambalo hakulifanya.

Alikuwa na miaka saba tulipoanza kuona. Tulikaa mtaa wa Usagara, mjini, chumba kimoja na uwa, mama, mimi na yeye. Baba alikwenda Mombasa kutafuta, na mpaka leo anatafuta. Mama alichoma vitumbua. Wakati ule mafuta ya taa yalikuwa ya kubahatisha, sukari ni ya foleni, na mkaa ulikuwa wa wenye uwezo, kwa hiyo sisi tulipikia makumbi ya nazi. Makumbi yenye unyevu hayashiki kwa kupepea. Lazima uiname uyapulize kwa mdomo, pumzi juu ya pumzi, mpaka machozi yakutoke. Mimi nilitwanga mchele, mdogo wangu alipuliza.

Mambo yake yalikuwa hivi. Yuko anasema nawe, mara anakatika katikati ya neno. Macho yanapanda juu kidogo, midomo inachezacheza kama anatafuna, vidole vinashikashika nguo. Si muda mrefu, ni kama wa kumenya ndizi. Kisha anarudi na kuendelea na lake. Haanguki, hatoi povu, halii. Lakini ukiwa umemwambia jambo wakati ule ule, atakukana usoni: hukuniambia. Mtoto mdogo anamkana mama yake mbele ya wateja! Kofi lilikuwa linafuata hapo hapo.

Wakamwita kaidi, jeuri, muongo. Majirani walimwita bibi harusi, kwa kuwa akiitwa haitiki. Na kweli akaharibika. Alimuuma mtoto wa nyumba ya pili. Siku moja alimwaga mchele wote uliokwisha kutwangwa, kwa makusudi, akaukanyaga. Sasa naelewa. Mtu akiitwa muongo kila siku, na yeye anajua hakudanganya, mwisho wake nini? Mimi pia ningeuma.

Shuleni mwalimu wake wa darasa la kwanza aliamini kwamba mtoto huyu anamdharau kwa macho. Anamuuliza swali, mtoto anatazama juu ya kichwa chake. Alimchapa miguuni kwa fimbo ya mpera, na alama zipo mpaka leo, ukitaka kuziona njoo. Siku mdogo wangu alipomuuma mkono, mwalimu alituandikia barua kwamba tumrudishe akishapona tabia. Mama hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea.

Mama akampeleka hospitali kubwa mara tatu, nami nikifuatana naye. Mara ya kwanza tulipewa dawa ya minyoo. Mara ya pili klorokwini, bila hata kumtoboa kidole. Mara ya tatu mdogo wangu alikatika pale pale mbele ya meza ya daktari. Daktari alikuwa ameinama anaandika kwenye kipande cha boksi, maana hata kadi zilikuwa zimekwisha. Alipoinua kichwa, mtoto alikuwa amekwisha kurudi.

"Mtoto mzima huyu," alisema. "Mpunguzieni deko."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeona kila kitu. Sikusema. Nilimwonea haya yule daktari, na koti lake, na watu wa foleni waliokuwa nyuma yangu. Katika hasira zangu zote, hiyo ni ya nafsi yangu mwenyewe, na ndiyo isiyopoa.

Shangazi yetu, dada yake baba, alisema tunapoteza nauli. Huyu ana pepo, akasema, na pepo hatibiwi kwa klorokwini. Akatupeleka Moa, kijiji cha pwani, kwa fundi wake. Fundi ni mganga wa pepo, sisi ndivyo tunavyomwita. Alichemsha nyungu ya majani, akamfunika mdogo wangu blanketi juu ya mvuke, akawa anamwamrisha: vuta, toa, vuta, toa, upesi zaidi. Mtoto akavuta na kutoa. Ghafla pumzi zikanyamaza ndani ya blanketi. Fundi akalifunua. Macho yamepanda, midomo inatafuna.

"Amepanda," fundi akasema, na shangazi akapiga kigelegele.

Ikaamuliwa kwamba ni pepo wa bahari, amempenda, na anataka awe kiti chake cha kupanda. Mtoto aletwe akae kwa fundi mpaka avunje ungo. Ila aletwe baada ya Ramadhani, kwa sababu Ramadhani pepo wanafungwa. Tangu siku hiyo, ukitaja Moa tu, mdogo wangu alipiga kelele na kuishika miguu ya mama. Mama alilia naye. Lakini alikubali. Alikuwa amechoka, na hapa simlaumu sana, ingawa namlaumu.

Mambo yalikuwa yameanza kufunguliwa miaka hiyo. Maduka yalijaa vitu, mitumba ikafika, na mwenye cheti chake aliweza kufungua zahanati. Mama mmoja mtu mzima, aliyestaafu kazi ya udaktari serikalini, alifungua yake barabara ya kwetu. Ramadhani ile alituagiza vitumbua vya futari, na kila alasiri nilimpelekea. Nasema shikamoo, naweka bakuli, naondoka. Siku moja nilikwenda na mdogo wangu, amebeba bakuli yeye. Mlangoni akakatika, bakuli likaanguka.

Nikaanza kuomba radhi. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba ana jeuri.

Yule mama hakutazama vitumbua. Alikuwa anamtazama mtoto. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi vinamjia zaidi akifanya nini?"

Miaka miwili, hakuna mtu aliyeuliza hivyo. Waliuliza kama anakojoa kitandani, kama nani amemroga, kama baba yupo. Nilijibu nikitazama sakafu, na jibu lilikuwa tayari, limekaa mdomoni miaka yote.

"Akipuliza moto."

Akachana ukanda wa karatasi, akamwambia mdogo wangu aushike mbele ya mdomo na kuupuliza, usitulie hata kidogo. Mtoto alicheka, akapuliza. Alipuliza muda mrefu, mimi nikamhurumia. Halafu karatasi ikatulia. Yule mama akamwinamia, akamwambia sikioni, "Embe bichi." Akamfinya mkono. Hakushtuka. Aliporudi akamuuliza, nimekuambia neno gani? Mtoto akanitazama mimi kwa woga, kwa sababu alijua kinachofuata jibu lake.

"Hukuniambia," alisema.

"Kweli," yule mama akasema. "Hukusikia."

Mdogo wangu aliduwaa. Sidhani kama mtu mzima alikuwa amewahi kumwambia kweli.

Akanieleza kwamba ni kifafa, kile kisichoangusha. Kipo kwenye ubongo, fahamu zinakatika na kurudi kama umeme wetu, na pumzi za haraka hukiita. Moto, nyungu, karatasi, ni kitu kimoja. Vipo vidonge vyake. Nilikimbia mpaka nyumbani, mimi ambaye sikimbii barabarani. Mama aliposikia neno kifafa alinifunika mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Nyamaza, majirani watasikia," alisema. "Pepo anatulizwa, mwanangu. Kifafa nani atakuja kuposa?"

Hapo nilijua kwamba kuupata ugonjwa wenyewe si mwisho. Kuna ugonjwa wa heshima na ugonjwa wa aibu, na watu wako radhi wampoteze mtoto kwa ule wa heshima.

Baada ya Idi shangazi alikuja asubuhi na mapema. Walifunga kifurushi cha nguo kimyakimya, mdogo wangu asijue. Yeye yuko uani, anapuliza makumbi. Mimi nikasimama mlangoni, mahali pangu pa siku zote, nikasema kwamba Ramadhani nzima mtoto alikuwa anakatika kila siku mbele ya moto. Pepo wanafungwa, nikasema, sasa huyu alifunguliwa na nani?

"Pepo wa bahari hafungwi," shangazi alijibu. "Na wewe ulimi umeuokota wapi?"

Nilimshika mama mkono, nikamvuta mpaka uani. Nikamwambia tungoje kidogo. Tukangoja. Mdogo wangu akapuliza, akapuliza, halafu akatulia, mgongo umeinama, moshi unampita usoni na hafumbi macho.

Nikamwambia mama, "Mwambie neno. Lile analoliogopa."

Mama akachutama. Akamwambia sikioni, na nilisikia, "Leo unakwenda Moa."

Mtoto hakutikisika. Midomo ilikuwa inatafuna polepole. Halafu akapepesa macho, akakohoa, akaendelea kupuliza moto wake.

"Nimekuambia nini?" mama akauliza.

"Hukuniambia kitu."

Mkono wa mama uliinuka wenyewe, kwa mazoea. Niliuona umefika juu. Ukabaki hapo. Kisha mama alirudi ndani na kukifungua kile kifurushi, akatoa nguo moja moja na kuzitundika kwenye kamba, na shangazi akatoka bila kuaga. Mwaka mzima hakukanyaga kwetu.

Vidonge kuna siku vinapatikana na kuna siku havipatikani. Sasa mdogo wangu yuko darasa la tatu na wenzake wako la tano. Hapulizi moto, napuliza mimi. Mwalimu yule alimpokea, akasema anafurahi kuona tabia imepona. Tabia! Hakutazama miguu ya mtoto. Mama mpaka leo hatamki kifafa, anasema ule usingizi.

Ninyi mnaosoma, kama mnaye mtoto anayekatika, au mlikuwa naye mkampeleka Moa yenu, niandikieni. Nielezeni alikuwa anafanya nini kabla ya kukatika, na nani aliuliza. Msione haya ya mwandiko, wangu mmeuona. Na wewe mwalimu, ukijitambua humu, niandikie pia. Barua yako nitaisoma polepole.