Jiwe la Makombe Karibu na Lafey

Siku moja ya kiangazi, miaka ya tisini, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Tulikuwa karibu na Lafey tukichimba kisima, na shimoni nilikuwa mimi, kijana mwenye misuli na kiburi. Fundi wetu alikuwa Adeer Gedi, ndugu ya baba yangu. Alikuwa amepofuka, kwa hiyo alitaka mawe ya kila tabaka yawekwe rundo lake, apapase ajue tumefika wapi. Juu mawe mekundu ya mchanga, chini yake jiwe lenye makombe ya baharini, na chini ya makombe, maji.

Mimi niliona huo ni uzee tu. Nikarusha kila kitu rundo moja. Adeer aliponiuliza kama makombe yametoka, nikaona aibu kusema sijui.

"Bado," nikasema.

Mama yangu mdogo, Habaryar Halima, aliyekuwa akingoja maji pale na ngamia wake sita, aliposikia hivyo akajua maji yako mbali. Akapakia ngamia wake, akaelekea kisima kingine, mwendo wa siku tatu.

Kesho yake akapita mtaalamu wa miamba kutoka Nairobi, akipima vilima vyetu. Akaokota kombe kwenye rundo langu, akafurahi mno.

"Hili lilizikwa chini ya bahari zama za Kretasia, dinosaria wakiwa hai," akasema. "Limetoka kina gani?"

Adeer akanigeukia.

"Wallahi, mimi nauliza wewe mawe, wewe nanipa maneno. Shuka!"

Nikashuka na tochi na kitambaa kilicholowa, nikipangusa ukuta shubiri kwa shubiri kutoka juu. Makombe nikayakuta karibu na miguu yangu, yamejipanga kwenye jiwe la kijivu. Kumbe tulikuwa tumeyapita kidogo tu! Sikupanda tena ila kwa swala. Mikono ilichubuka, nikachimba. Adhuhuri ya siku ya pili vidole vyangu vikagusa matope.

Habaryar alirudi baada ya wiki. Kati ya ngamia sita, alibaki na mmoja; watano walikufa kwa kiu njiani. Nikamweleza ukweli wote. Akanywa maji yetu, akaniombea dua. Heri angenichapa, mwanangu.

Basi nakuambia: ukiulizwa usilolijua, sema hujui, palepale, hata mbele ya watu. Na ukikosea, usingoje mwingine akutafutie kosa lako. Litafute kwa mikono yako mwenyewe mpaka ulipate. Mungu akupe ulimi wa kweli, na uongo wako usimpeleke mtu safari ya kiu na mifugo yake. Amin.